Gitaa Lisilolia kama Gitaa

Nyumbani kwetu tulijifunza nyimbo zote za kanisani vibaya, na kosa lilikuwa la mama.

Mama aliimba sauti ya pili katika kwaya ya misheni, juu ya Kikatiti, tangu kabla sijazaliwa. Wasiojua kwaya hufikiri sauti ya pili ni sauti ya kwanza iliyoshushwa kidogo. Sivyo. Sauti ya kwanza ndiyo yenye wimbo. Inapanda, inashuka, inasifiwa na wageni. Sauti ya pili inakaa mahali pamoja kama mtu aliyeachwa kulinda mizigo ya wenzake. Katika nyimbo nyingi ina noti nne tu, na mbili kati ya hizo huzitumia mara moja moja. Mama alizipenda noti zake nne. Alizivumisha akimenya ndizi, akichambua kahawa, akifukuza kuku, na sisi watoto wake wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, tukazipokea tukiamini kwamba huo ndio wimbo wenyewe.

Nilipofikia umri wa kukaa kanisani nikiwa na akili ya kusikiliza, nilishangaa jinsi waumini wote walivyopotoka. Nilimweleza baba tukiwa njiani kurudi nyumbani. Baba alikuwa mzee wa kanisa na hakuwa mtu wa mzaha. Alitembea hatua kadhaa akifikiri, kisha akasema, "Mama yako ndiye anayeimba sawa." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Mama alifariki mwaka ambao mimi nilikuwa tayari nafanya kazi mjini Arusha, katika karakana ya baiskeli. Aliugua wiki mbili wakati wa masika, tukamzika migombani. Niliumia sana na sina maneno zaidi ya hayo. Kwaya iliendelea na nyimbo zilezile zikiwa na tundu katikati. Wanawake wawili waliobaki katika sauti ya pili walikuwa watu wema wasio na msimamo. Walianza mahali pao, na kufikia mstari wa tatu walikuwa wamehamia sauti ya kwanza, ambako kuna watu wengi. Mwalimu wa kwaya aligonga fimbo yake mezani na kusema, "Mmepanda!" Siku nyingine waliogopa kupanda, akasema, "Mmeshuka!" Mwishowe akachoka, akaacha kugonga.

Baba naye akaacha kuimba. Hakutangaza. Kila Jumapili alifungua kitabu kwenye ukurasa uliotajwa, akakishika mbele yake kwa heshima, akafunga mdomo. Alifanya hivyo miaka mitatu. Kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa, hakuna aliyemuuliza.

Ndipo mdogo wangu akachumbiwa. Mahari ilikwisha kuzungumzwa na siku ya arusi ikapangwa iwe baada ya mavuno ya kwanza ya kahawa. Wiki moja baadaye alipanda basi la Moshi–Arusha akanifuata karakana, akasimama mlangoni katikati ya magurudumu yaliyotundikwa.

"Kaka, shikamoo. Nataka sauti ya mama iwepo kwenye arusi yangu."

"Marahaba. Mama amekufa."

"Najua amekufa. Nasema sauti yake. Ule wimbo wa maharusi. Wakiuimba bila ile sauti mimi sitajua hata ni wimbo gani."

Watu wengine wangedhani anasema kwa uchungu tu, lakini mimi nilijua anasema kweli tupu. Sauti ya kwanza ya wimbo ule hakuna hata mmoja kati yetu aliyeijua vizuri. Nikamwambia yupo mwalimu wa kwaya na vipo vinywa thelathini, mimi ni fundi baiskeli. Akaniambia mwalimu wa kwaya amekata tamaa, kinanda cha kanisa kimekufa, na mimi nina gitaa. Alikuwa amefikiria kila kitu kwenye basi.

Kinanda kilikuwa kimekufa kweli. Wamisionari Wajerumani walikiacha walipochukuliwa wakati wa vita, na panya wakahamia kwenye mifuko yake ya upepo. Ukikanyaga pedali kilivuta pumzi kama mzee anayepanda mlima, kikafikiri, kikakataa.

Gitaa nilikuwa nalo. Nililipata kwa askari mmoja aliyerudi nalo kutoka Burma, akajiburudisha nalo miaka michache, kisha akaokoka na kuapa kwamba hatagusa tena ngoma wala pombe. Nikampa baiskeli niliyoiunga kutoka kwa baiskeli tatu zilizokufa. Naamini nilimpunja, maana ile baiskeli ilipenda kwenda kushoto. Nyuzi mbili nyembamba za gitaa zilipokatika nilichambua waya wa breki ya pikipiki nikafunga. Jumamosi nilipiga na wenzangu watatu kwenye ukumbi wa dansi mjini. Baba alijua, nami nilijua kwamba anajua, na hatukuwahi kulizungumza.

Nikakaa na ule wimbo mwezi mzima. Hapa inabidi nieleze shida yenyewe, na nitaieleza kwa do-re-mi, kwa sababu ndiyo lugha ya noti tuliyofundishwa misheni. Gitaa lina nyuzi sita. Zikikazwa kama watu wote mjini walivyozikaza, basi ukitoka uzi mnene kwenda mwembamba zinasema la, re, so, do, mi, la. Hakuna wimbo wa kanisani unaoanza hivyo. Ukitaka besi iseme do, lazima kidole kibane uzi mnene kwenye chuma cha tatu cha shingoni. Kidole hicho kikishakwenda huko, vingine vinabanana upande mmoja, na uzi mwembamba kabisa unapiga kelele la, la, la, ambayo hukuiita. Mkono una vidole vinne vya kubania na kwaya ina sauti nne, kwa hiyo utadhani hesabu inakubali. Haikubali. Nikipata besi nampoteza mama, nikimpata mama besi inakimbia. Nikivishika vyote viwili sauti zinakuwa zimesongamana sana hata husikii nani ni nani.

Nikaamua kwamba nilichokipata kinatosha. Jumapili moja baada ya ibada nikaenda mbele ya wazee wa kanisa kuomba kibali, maana bila kibali chao hata njiwa asingelia ndani ya jengo lile. Walikuwa watano, baba akiwa wa tano, kwenye benchi la mbele. Nikapiga beti mbili.

Kisha mzee wa kwanza akasema, "Mlio huu naujua."

Hakuna aliyemuuliza ameujulia wapi. Mzee wa pili akasema, "Ni wa kile kilabu cha pombe cha Maji ya Chai. Kile cha darajani."

"Hapana," akasema wa tatu. "Cha darajani gitaa lao ni zito zaidi. Huu ni wa kile cha nyuma ya soko."

"Cha nyuma ya soko wana gitaa?"

"Tangu mwaka jana."

Wakalijadili jambo hilo kwa makini na kwa ujuzi mkubwa. Mimi nilisimama na gitaa langu nikitazama sakafu. Mwishowe mwenyekiti wao alikohoa, wakakumbuka walipo, na uamuzi ukaandikwa na karani katika daftari la vikao. Nilisomewa, na ninaukumbuka neno kwa neno: gitaa linaweza kuingia kanisani, mradi lisilie kama gitaa.

Nilikasirika. Ningeweza kuwauliza mambo mengi wazee wale, nikianzia na kile cha nyuma ya soko. Baba hakuwa amesema lolote kikaoni. Tulipofika nyumbani alivua koti la kanisani, akalitundika, akasema, "Gitaa ni gitaa." Kisha akaenda kugeuza kahawa juani.

Mdogo wangu aliupokea uamuzi kwa utulivu ulioniudhi zaidi. "Basi lifanye lisilie kama gitaa," alisema. "Wewe si fundi?"

Mwenye karakana yetu alikuwa Kalasinga, kama tulivyowaita Masingasinga wakati ule, mtu wa makamo mwenye kilemba na ndevu alizozifunga kwa uangalifu zisishike grisi. Tulimwita mistri, neno lao la fundi. Alizaliwa Arusha na alisema Kiswahili vizuri kuliko baba yangu, ambaye alikitumia kwa mambo ya serikali tu na mengine yote aliyamaliza kwa Kimeru. Wiki ile mistri alileta kinanda chake kidogo kutoka nyumba yao ya ibada, kile cha kukaa nacho chini, unachopepea kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine. Mfuko wake wa upepo ulikuwa umechanika. Tulikiziba kwa mpira wa ndani wa gurudumu, na kazi hiyo nasema bila aibu kwamba tuliifanya vizuri.

Akakijaribu. Kabla hajabonyeza chochote alivuta vifundo viwili vidogo vya mbele, na noti mbili zikaanza kulia zenyewe, zikaendelea kulia. Nilizitambua mara moja. Zilikuwa do na so. Kisha akapiga wimbo wao juu yake, ukatembea ukarudi, zile mbili zisisogee.

"Mistri, hizo mbili zinafanya kazi gani?"

"Hazifanyi kazi. Zinakaa tu," alisema. "Ndiyo sababu nyingine zinaweza kwenda kutembea."

Nilisimama na bisibisi mkononi. Miaka yote nilikuwa sijasikia mtu mwingine akiisema vizuri namna hiyo kazi ya sauti ya pili. Nikamweleza habari ya arusi, ya wazee na ya vidole vyangu. Alisikiliza, akaniomba nilete gitaa, akanitazama nikipiga beti moja, akatikisa kilemba.

"Unapiga kama mtu anayekamata kuku. Vidole vyote vinakimbia. Shusha hizo waya, zikae. Wewe upumzike."

Lazima nikiri ujinga wangu. Haikuwa imenipitia akilini kwamba nyuzi zinaweza kushushwa. Mjini kila mtu alikaza vile, aliyemfundisha alikaza vile, nami nilidhani gitaa huzaliwa hivyo kama ng'ombe anavyozaliwa na miguu minne. Nikashika vigingi kwa woga. Uzi mnene uliosema la nikaushusha hadi so. Wa pili, re, nikaushusha hadi do. Nikaenda upande wa pili, kwenye uzi mwembamba, ule mpiga kelele, nao nikaushusha kutoka la hadi so. Mistri akavuta vifundo vyake viwili ili nipime. Nilipomaliza nikapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote sita bila kubana hata mmoja.

Kwaya nzima ilisimama. Sikuwa nimefanya lolote, mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni. So, do, so, do, mi, so.

Nikapitisha tena, polepole, nikihesabu. Nyuzi tano zilisema do na so tu, kama vile vifundo vya mistri. Mmoja peke yake ulisema mi, ule wa pili kutoka chini. Bila huo, zile nyingine zilikuwa kama nyumba iliyoezekwa isiyo na mtu ndani. Na mi ndiyo noti ambayo mama alikaa nayo karibu wimbo wote wa maharusi. Uzi wake nilikuwa sijaugusa. Ulikuwa hapo siku zote, umekazwa sawasawa, na nilichofanya ni kuwashusha wengine mpaka akasikika.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kawaida. Kwa kuwa besi sasa ililia bila kubanwa, kidole gumba kiliitunza chenyewe. Kidole kimoja kilipanda na sauti ya kwanza kwenye uzi mwembamba, kingine kilimhudumia mama, ambaye alipanda fa mara mbili na kushuka re mara moja kisha akarudi nyumbani kwake. Kati ya sauti na sauti kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkokoteni. Nilijifunza mapya kila siku. Nikibana nyuzi zote kwa kidole kimoja kilicholala, kwaya nzima ilihama pamoja bila kugombana, jambo ambalo kwaya yenyewe haikuwahi kuliweza.

Jumamosi ilipofika nikasahau. Nilipanda jukwaani kwenye dansi, tukahesabu moja mbili tatu, nikapiga kwa vidole vya siku zote juu ya nyuzi za kanisani. Wachezaji waliachana katikati ya ukumbi. Bwana mmoja aliyevaa suti alikuja mpaka mbele akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna msiba. Wenzangu hawakunisemesha mpaka Jumanne, lakini mimi nilitembea na furaha iliyonijaa kifuani, kwa sababu kama watu wa dansi wamesikia kanisa, huenda wazee wa kanisa nao wasisikie dansi.

Nikarudi mbele ya benchi la mbele. Wazee walewale, karani yuleyule na daftari lilelile. Nikapiga beti mbili.

Mzee wa kwanza, yule aliyejua milio, alifumba macho. "Hiki ni kinanda cha mchungaji Mjerumani," alisema. "Hivi hivi kilivyolia, nilipobatizwa."

"Hivi hivi," akasema wa pili.

"Huu ndio mlio wa Kikristo," akasema wa tatu. "Si ule wa juzi."

Nikawaza vile vifundo viwili, na kilemba, na mpira wa ndani wa baiskeli. Niliona hapakuwa na haja ya kusema lolote, sikusema, na wote wanne walikufa wakiwa na imani hiyo. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Baba alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio moja juu, namna alivyokaa zamani kanisani wakati kwaya ikiimba.

"Rudia," akasema.

Nikarudia beti zote mbili.

"Rudia."

Nikarudia. Aliposema mara ya tatu mwenyekiti akamkumbusha kwa upole kwamba wapo watu wenye kahawa juani. Kibali kikaandikwa.

Arusi ilifanyika kama arusi zinavyofanyika. Bwana arusi alikuwa na viatu vilivyombana, na mvua iliyosemwa haitanyesha ilinyesha. Nilikaa kwenye kiti pembeni ya kinanda kilichokufa, na kwaya ikaingia juu ya gitaa kama tulivyofanya mazoezi. Wale wanawake wawili wa sauti ya pili wakaanza mahali pao, wakafika mstari wa tatu, wakahama. Safari hii hakukuwa na tundu. Uzi uliendelea kusema mi. Mdogo wangu alikuwa ameonywa na kina mama kwamba bibi arusi hageuki nyuma hata paa likianguka. Aligeuka. Alinitazama mimi, kisha mikono yangu, akageuka tena mbele.

Nami nilikuwa nimejiaminisha kwamba siku ile baba ataimba. Nilikuwa nimeipanga kichwani, usiku wote wa kuamkia arusi: baba anafungua mdomo, watu wanageuka. Hakuimba. Alikifunga kitabu, akakiweka kwenye benchi, akakaa na mikono magotini akisikiliza mpaka mwisho. Niliona uchungu. Nilikuwa nimefanya kazi miezi miwili na nilitaka aimbe.

Kesho yake asubuhi mdogo wangu alikuwa ameshakwenda kwake, na nyumba ilikuwa na sufuria za kuazima na watu wawili. Nilikuwa na dansi Jumamosi. Nikaketi kwenye kigoda barazani, nikalaza gitaa mapajani, nikashika kigingi cha uzi mnene ili niukaze urudi la.

"Unafanya nini?" Baba alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Nazirudisha nyuzi, baba. Mjini tunapiga namna nyingine."

"Na yeye atakwenda wapi?"

Nilimweleza kwamba uzi wake haubadiliki, kwamba ni wengine tu wanaopanda. Nilieleza vizuri, kwa do-re-mi. Baba alisikiliza kama alivyosikiliza mabwana shamba wa serikali, kwa adabu, bila kukubali.

"Wakipanda, hatasikika," alisema. Akanywa chai. "Liache."

Katika maisha yangu yote baba hakuwa ameniomba kitu. Alikuwa ameniamuru mengi. Sauti hii haikuwa ya kuamuru, na nilishindwa kuitazama sura yake. Niliuachia ule uzi, nikaingia ndani, nikalitundika gitaa kwenye msumari ambao mama alitundikia kapu lake. Wenzangu wa bendi walinipa wiki mbili nipate gitaa lingine. Sikulipata, wakampata mtu mwingine, kijana kutoka Moshi mwenye vidole virefu ambaye alikaza nyuzi zake kama watu wote. Sitasema sikujali. Nilijali, na kwa miezi mingi nilipita njia ndefu ili nisipite karibu na ule ukumbi.

Ilikuwa kama mwezi wa pili baada ya arusi, nimelala chini ya baiskeli, nilipoona viatu vya kanisani vya baba mlangoni mwa karakana. Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Kikatiti, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa katika khanga ya mama, ile ya buluu. Nilitoka chini haraka nikampa shikamoo, nikidhani kuna aliyekufa.

"Marahaba," alisema. Akasalimiana na mistri kwa mikono miwili. Kisha akafungua khanga juu ya meza ya vyuma.

"Mama yako ameshuka," alisema.

Nilipitisha kidole. Uzi wa pili ulikuwa umelegea, kitu kidogo sana, ambacho mpiga gitaa wa mjini angekiacha kipite. Ulikuwa waya wa breki, na waya wa breki haukuumbwa kwa kazi hiyo. Baba hakujua kupiga gitaa wala hakuwahi kujua. Nikamuuliza amejuaje.

"Nampiga asubuhi," alisema. "Yeye tu. Hao wengine siwagusi."

Mistri aliacha kugonga. Akavuta kinanda chake kutoka chini ya meza, akapepea, akavuta vifundo viwili ili nipate mahali pa kupimia. Nikazungusha kigingi kidogo kidogo. Baba aliinamisha kichwa upande, sikio moja juu.

"Huyo," alisema.

Akamfunga katika khanga, akakataa chai, akawahi basi la saa nane kwa sababu aliacha kahawa juani.

Alikuja tena baada ya mwezi, na akaendelea kuja. Sikuwahi kumfundisha kukaza mwenyewe, ingawa ni jambo la dakika tano, na yeye hakuwahi kuomba afundishwe. Nilinunua waya halisi wa gitaa kwa Mhindi wa vyombo vya muziki, nikaufunga badala ya ule wa breki, na huo haulegei ovyo. Mwezi uliofuata baba alifika kama kawaida na khanga ya buluu, akasema mama yako ameshuka. Nikampima. Alikuwa hajashuka hata kidogo. Mistri naye alisikia, akanitazama juu ya kinanda, akaendelea kupepea.

Nikazungusha kigingi kwenda, nikakirudisha palepale kilipokuwa, nikapiga.

"Huyo," baba akasema.